Talaka Moja Iliyobaki

Mwinshehe bin Dadi alikuwa fundi wa kupaka chokaa, na Bagamoyo hakuna aliyehangaika kumtafuta. Ulisimama tu barabarani ukasikiliza. Mtu wa juu ya ngazi huzoea kusema na watu walio chini, na yeye alikuwa juu ya ngazi tangu ndevu hazijaota. Akiomba maji ya kunywa mtaa wa Dunda, wanawake wa mtaa wa Magomeni waliinua mitungi.

Sauti hiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka hamsini na tano alikuja Bwana Nurali, Mhindi mpiga picha wa Dar es Salaam, na kamera ya sinema na kofia pana, akitafuta watu wa kuigiza picha ya Kiswahili. Akamkuta Mwinshehe anamgombeza mtu aliyeegemea ukuta mbichi na kuondoka na nusu ya chokaa mgongoni. Bwana Nurali akavua kofia.

"Huyu," akasema, "hahitaji kipaza sauti."

Picha yenyewe ilikuwa ya mafunzo. Mume anasikiliza maneno ya majirani, anamshuku mkewe, anamwacha mbele za watu, kisha anajuta mpaka suruali inamvuka. Sisi mjini tukaiita Mume Msikivu. Mwinshehe alikubali kuwa huyo mume bila kubembelezwa. Shida ikaja kwenye mke, maana Bwana Nurali alikuwa na mwanamke wake wa kuigiza kutoka Dar.

"Nisimame na mke wa mtu, nimshike mkono, watu wanatazama?" Mwinshehe akasema. "Hapana, bwana. Mimi ni mtu wa swala."

"Sasa tutafanyaje?"

"Mke ninaye nyumbani. Zuleha. Na kwa maneno anamshinda huyo wako."

Basi ndivyo alivyokimbia dhambi ndogo akaenda kuigiza talaka na mwanamke pekee duniani ambaye talaka yake ingeweza kumpata.

Siku ya kupiga kipande hicho tulijaa uani kwake kama siku ya maulidi. Katika picha mke aliitwa Mwanabaraka, na Mwinshehe alifundishwa jina hilo asubuhi nzima. Lakini mdomo una njia zake. Kamera ilipoanza kukereza, akamnyooshea mkewe kidole na kunguruma: "Zuleha, nimekuacha!"

Punda wa jirani naye akalia. Bwana Nurali akasimamisha kamera, punda akaondolewa, wakarudia. "Zuleha, nimekuacha!" Jina lilelile, na safari hii sauti ilimkatika katikati kama mtu anayeumia kweli.

"Wacha, wacha hivyohivyo," Bwana Nurali akasema, macho yamemlowa. "Imetoka moyoni hiyo. Mke tutambadilisha jina, awe Zuleha."

Tukapiga makofi. Mwinshehe akainama mara mbili kama alivyofundishwa.

Jioni Bwanausi, mwuza nyama na rafiki yake wa utoto, alipita barazani kwao. Huyu alimtaka Zuleha zamani akakosa, akaoa kwingine, na hakuwahi kuona sababu ya kulificha jambo hilo.

"Shemeji, pole na yaliyokufika," akasema. "Nimesikia kwa masikio yangu, tena mara mbili. Mumeo hajui kunong'ona. Sasa eda ikiisha, posa nipeleke kwa nani?"

"Peleka kwa punda," Mwinshehe akajibu, "maana alikuwa shahidi."

Wakacheka wote watatu. Zuleha ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Lakini bwana," akamwambia mumewe, "si kuna maneno yasiyo na mzaha?"

Wakaenda kwa Mwalimu Seleman, aliyesomesha madrasa na kufungisha ndoa zetu karibu zote. Mwinshehe akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaeleza kisa chote huku anacheka mwenyewe. Mwalimu hakucheka naye.

"Mambo matatu," akasema, "kweli yake ni kweli na mzaha wake ni kweli. Kuoa, kuacha na kurejea. Lakini pia anayesimulia maneno ya mtu mwingine hayamshiki. Wewe ulikuwa unasimulia au unafanya mzaha?"

"Nilikuwa naigiza, Mwalimu."

"Kuigiza sijakukuta kitabuni." Akafikiri. "Mwanamke katika hiyo sinema yenu alikuwa na jina lake?"

"Alikuwa nalo. Mwanabaraka."

"Na wewe ulimwita nani?"

"Zuleha."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mara ngapi?"

"Mbili. Ya kwanza iliharibiwa na punda."

"Punda hapunguzi."

Hapo ndipo Mwinshehe alipoketi vizuri. Mwalimu akatuma aitwe muadhini, na kwa kuwa Bwanausi alikuwa amewafuata mpaka mlangoni kusikia hatima yake, akaingizwa awe shahidi wa pili. Mwinshehe akatamka mbele yao kuwa amemrejea mkewe Zuleha katika ndoa yake. Akatamka kwa sauti ambayo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, muadhini alimwomba airudie, maana hakusikia.

"Mimi sisemi ni talaka, wala sisemi si talaka," Mwalimu akamalizia. "Allah ndiye ajuaye. Lakini kama zilihesabiwa, zimekwenda mbili. Imebaki moja. Hiyo usiichezee, maana ikitoka hamtarudiana mpaka aolewe na mume mwingine na aachike."

"Mimi nipo," Bwanausi akasema. Akatolewa nje.

Picha ilipokamilika gari la sinema likaileta, wakatandika shuka nyeupe uwanjani, na Mwinshehe mkubwa kama mnazi akamwacha mkewe mbele ya Bagamoyo nzima. Kesho yake likaenda Kaole, akamwacha. Likaenda Fukayosi, akamwacha, na Wakwere wa huko walifurahi wakaomba warudishiwe nyuma waone tena. Yeye hakula. Akakimbia kwa Mwalimu kuuliza kama na hizo zinahesabiwa.

"Kivuli hakina mke," Mwalimu akamwambia. "Nenda kale."

Akala. Mambo yangeishia hapo kama Bwana Nurali asingerudi mwaka uliofuata, kofia mkononi, anacheka njia nzima.

Watu wa sinema wa Dar es Salaam walikuwa na sherehe yao kila mwaka. Walikutana katika jumba la sinema, wakatazama vipande vya picha za Kiswahili za mwaka ule, waamuzi wakataja waliofanya vizuri, wakatoa tuzo. Kwetu tuzo ni senti anayobandikwa mcheza ngoma kwenye kipaji cha uso. Hii yao ilikuwa kikombe cha fedha chenye masikio mawili, na hakuna uso wa kukibandika. Mwaka huo kikombe cha mwigizaji bora kilikuwa cha Mwinshehe. Hakuna mtu wa Bagamoyo aliyewahi kukipata. Waamuzi walisifu hasa alivyomwita mkewe kwa jina, wakasema ungedhani ni mke wake kweli.

"Desturi yetu ni moja tu," Bwana Nurali akasema. "Mshindi anapanda jukwaani na mwenzake, anaonyesha kipande chake palepale, ndiyo anapewa kikombe. Utakuja na mama. Utasema lile neno."

"Nitakuja," Mwinshehe akasema. Masikio yalikuwa yamesikia kikombe, mengine hayakupita.

Zuleha alikuwa nyuma ya mlango anasuka ukili. Mgeni alipoondoka akauliza, "Umekubali?"

"Nimekubali kikombe."

"Na neno?"

"Hilo nitajua hukohuko."

"Utajua nini, bwana? Ulimi wako ukisikia makofi haukujui wewe wala mimi." Hakupandisha sauti. "Sikukatazi. Nitakuja, nitasimama pale unapotaka nisimame. Lakini ukilitamka, mimi nashukia upande mwingine wa jukwaa, nabaki Ilala kwa dada yangu Mwanaharusi. Sirudi Bagamoyo na mwanamume asiye wangu."

Tangu hapo Mwinshehe hakuwa mtu. Alipaka chokaa dirisha la msikiti, vioo na vyote. Alimfuata Bwana Nurali kwa basi mpaka Dar kumwomba abadilishiwe kipande, aonyeshe kile cha kujuta. Bwana Nurali akamwambia kujuta kila mtu anajua, watu watalipa kiingilio kusikia lile neno. Akarudi kwa Mwalimu. Je, akisema Mwanabaraka badala ya Zuleha?

"Na atakayesimama mbele yako atakuwa nani? Mwanabaraka?"

Je, akisema nenda kwenu?

"Ukitia nia, hilo nalo ni talaka."

"Nisipotia nia?"

"Wewe unayetetemeka hivi, nia yako unaijua iko wapi?"

Mwinshehe akakiri hajui. Kikombe hakikumtoka kichwani, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Usingizini alikiona, akakishika masikio, na mkewe hakuwemo ndotoni.

Siku ikafika. Jumba lilikuwa limewaka taa hata pasipostahili. Waheshimiwa wenye suti mbele, wenye kanzu na makoti nyuma yao, akina mama wananukia udi mpaka unapiga chafya. Tuliotoka Bagamoyo tulikaa safu moja pembeni ya jukwaa tukashikana, maana viti vyao vinajikunja na kukutupa. Mwinshehe alivaa kanzu mpya na jasho. Zuleha alikuwa pembeni yake ndani ya buibui, mikono ameificha.

Taa zikazimwa, kipande kikaonyeshwa. Kivuli cha Mwinshehe kikanguruma ukutani na jumba zima likalipuka kwa makofi. Nilimtazama yeye mwenyewe kwenye ule mwanga. Alikuwa anatabasamu, maskini, kama mtoto aliyetiwa asali mdomoni. Zuleha naye alimwona.

Taa zikarudi. Mwendesha sherehe, kijana mwenye tai aitwaye Mosi, akawaita. Wakapanda. Kikombe kilikuwa mezani kinametameta.

"Mabibi na mabwana," Mosi akasema, "Mume Msikivu!"

Mwinshehe akaanza. Nasema kweli, hatukuwahi kumwona hivyo hata uani kwake. Alimshutumu mkewe, akazunguka, akapiga kifua. Zuleha akamjibu neno kwa neno kama katika picha, ila midomo ilikuwa imemkauka. Watu wakasogea mbele ya viti. Akafika. Akamnyooshea kidole.

"Zuleha," akasema.

Mdomo ulikuwa wazi, na mimi niliyekuwa karibu niliona ulimi umeshapanda kwenye ufizi tayari kutoa ile *n*. Tukasubiri. Nyuma kabisa mtu akapiga kelele: "Mwache!" Mwingine akadakia. Mara jumba zima, na wenye suti, wanapiga miguu chini: "Mwache! Mwache!"

Zuleha hakutikisa kichwa wala hakumkonyeza. Alimtazama tu, kama unavyomtazama mtu anayevuka barabara.

Mosi akasogea akamnong'oneza, kipaza sauti kikiwa mkononi, kwa hiyo tulisikia sote. "Nimekuacha, mzee. Sema nimekuacha."

Mwinshehe akafunga mdomo.

"Nimesahau," akasema.

"Si hilo nililokwambia? Nimekuacha."

"Hilohilo ndilo nililolisahau."

Jumba likaangua kicheko. Walidhani anawachekesha, wakangoja. Mosi akamkumbusha tena, na tena, na kila alipomkumbusha Mwinshehe alisema amesahau, mpaka kicheko kikageuka kuwa kile kingine, cha kumcheka mtu. Bwana Nurali alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Waamuzi wakainamiana, wakanong'onezana, kisha mmoja akasimama akasema desturi ni desturi. Kikombe akapewa mtu wa Tanga aliyekuwa wa pili. Mwinshehe alikisindikiza kwa macho kilivyopita mbele yake, masikio yote mawili, akashuka jukwaani huku anazomewa na watu waliomlipia kiingilio.

Zuleha alishuka nyuma yake, upande uleule.

Wakashika njia ya Ilala, walikokuwa wamefikia kwa dada Mwanaharusi.

"Ulisahau kweli?" Zuleha akauliza.

"Sijawahi kulikumbuka kama leo."

"Ulitaka kulisema."

"Nilitaka," Mwinshehe akasema. "Lilishafika kwenye meno."

Zuleha akatembea kidogo. "Yule kijana wa tai kaniacha mara nne," akasema, "na hata mahari yake sijaiona." Wakacheka mpaka wakashika ukuta wa nyumba ya watu.

Bagamoyo haikumwonea huruma. Watoto walimwita Mzee Nimesahau, na wakubwa tukamwita hivyohivyo asipokuwapo. Mtu aliyeishi kwa sauti akabaki na sifa ya kupotewa na maneno, na hakumweleza yeyote; haya ya njiani tuliyapata kwa Zuleha, baadaye sana. Wakigombana nyumbani, na waligombana kama watu wote, alitoka, akapanda ngazi, akapaka ukuta wa yeyote mpaka hasira ishuke. Kuna nyumba pale Dunda ilipakwa bure mara tatu mwaka mmoja. Talaka yake moja aliishi nayo kama mzee mwenye jino moja, anatafunia upande wa pili.

Bwanausi ndiye aliyekuwa hachoki. Siku moja alimkuta anapaka ukuta wa bucha, akasimama chini ya ngazi na wateja wake wote.

"Mwinshehe, ndugu yangu, mimi bado nashangaa. Maneno yote yale ulikumbuka, likakushinda moja. Hebu lijaribu hapa, tuko wenyewe. Lilikuwa linaanzaje?"

Mwinshehe akachovya brashi, akaikung'uta, chokaa ikamwangukia Bwanausi begani.

"Wewe bado unazo tatu," akamwambia. "Toa mfano kwa zako."