Kengele ya Dirisha la Nyuma

Wezi wa mtaa ule hawakumwogopa askari. Walimwogopa mzee mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, ambaye watu walimwita Fundi Kengele. Askari husinzia, mbwa huhongwa mfupa, lakini kengele ya mzee huyu haikujua rushwa. Ilikuwa kisanduku cha bati kilichokazwa kwa skrubu kwenye fremu ya dirisha, na ndani yake springi ya saa mbovu, gurudumu lenye meno, nyundo ndogo, na kikombe cha kengele ya baiskeli. Mwenye nyumba hutia ufunguo, akazungusha, akafunga dirisha, na ubao wa dirisha ukaukandamiza ulimi wa chuma. Atakayeufungua ule ubao, ulimi unaruka, springi inafunguka, na nyundo inagonga mpaka mtaa utoke na fimbo.

"Umeme ukikatika mwizi anashangilia," alizoea kuwaambia wateja. "Hii ya kwangu haina habari na umeme." Nao wakacheka, wakanunua, wakalala usingizi wa pono.

Hakuanza na kengele, alianza na saa. Alikuwa kijana wa kutengeneza saa za ukutani siku nyumba ya jirani iliposhika moto mchana kweupe, na watu wazima wakasimama nje hawana la kufanya, wakitazama mikono inayotingisha nondo za dirisha kutoka ndani. Nondo zilizotiwa kumzuia mwizi zilimzuia mwenye nyumba. Mikono ile ilimfuata maisha yake yote. Akala kiapo kwamba dirisha lake halitatiwa nondo akiwa hai, na kila aliyemshauri vinginevyo alijibiwa kwa mkato, "Mimi sifugi watu."

Kazi hakuifanya peke yake. Zama zile yeye na mkewe walikuwa na chumba kimoja, meza ya kazi ubavuni mwa kitanda, na kitandani binti yao mchanga. Sasa kengele haiuzwi bila kujaribiwa, na kengele ikijaribiwa mtoto anaamka, na mtoto akiamka hakuna kazi tena siku hiyo. Mke ndiye aliyepata ufumbuzi. Mume akizungusha ufunguo, yeye huibana nyundo kwa kidole gumba. Kisha huchukua kitambaa, akakikunja mara mbili, akachomeka ncha yake ndani ya mkunjo, akakisukuma chini ya nyundo. Springi ikafunguka, magurudumu yakazunguka, na wao wawili wakainama kusikiliza meno yakipita bila mlio.

"Taratibu, mtoto amelala," mke alikuwa akinong'ona. Na kwa wageni alikuwa na mzaha wake: "Mume wangu anatengeneza kelele, mimi naziziba. Ndoa ni hiyo tu, msidanganywe."

Binti alikua, akaolewa, akahamia upande wa pili wa mji, lakini kidole gumba hakikuacha desturi yake. Na jina alilompa mumewe tangu ujana hakuliacha pia. Dunia nzima ilimwita Fundi, yeye alimwita Kijiti, kwa sababu siku ya kwanza alipomwona alidhani upepo ungemchukua.

Ugonjwa ulikuja kwa kunyata. Kwanza chungu kilitiwa chumvi mara mbili, wakacheka. Kisha njia ya dukani ikampotea, hawakucheka sana. Daktari akasema huu ni ugonjwa wa kusahau, hauna dawa, vumilieni. Neno hilo "vumilieni" Fundi alilichukia kuliko ugonjwa wenyewe, maana ni rahisi mno kutamka kwa mtu anayerudi kwake jioni. Jina la binti likaondoka. Mwisho likaondoka la Kijiti. Asubuhi moja mkewe alimtazama kwa adabu kubwa, akamwuliza, "Bwana, unamsubiri mume wangu? Ametoka kidogo, anarudi sasa hivi."

Fundi akajibu kwamba ndiyo, anamsubiri. Angesema nini tena?

Ndipo mama yule akaanza kutoka kwenda kumtafuta huyo mume. Alitoka mlangoni, Fundi akatia kufuli na ufunguo akauvaa shingoni. Mkewe akaanza kutokea dirisha la nyuma, ambalo lilikuwa chini kiasi cha kuvuka kwa hatua moja. Siku moja alikutwa katikati ya barabara kuu, miguu mitupu, akiwauliza madereva wa malori kama wamemwona kijana mwembamba anayetengeneza saa. Lori moja lilifunga breki mpaka matairi yakatoa moshi. Dereva alishuka, akakaa kando ya barabara, akashindwa hata kutukana.

Binti alikuja mbio, macho mekundu. "Baba, tia nondo."

"Sitii."

"Basi nimchukue mama nikae naye."

"Unashinda kazini, mwanangu. Ukiwa kazini utamfungia wapi? Chumbani, kama kuku?"

Hilo ndilo binti alilokuwa amelifikiria na kulionea aibu.

"Niachie mimi," Fundi akasema. "Mimi ni Fundi Kengele. Nimelinda madirisha ya watu mtaa mzima, nitashindwa na la mke wangu? Nikishindwa, lete mchomeleaji wako afunge nondo."

Akatengeneza kengele ambayo hakuwahi kumtengenezea mteja yeyote. Aliipiga tupa ikang'aa, akachagua springi nene kuliko zote, akaikaza kwenye dirisha la nyuma. Alasiri akaketi chumba cha mbele kwenye kazi zake, masikio yamesimama. Kukawa kimya. Akapiga tupa, akasikiliza, kimya. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akajikuta anapiga mluzi. Mluzi haujaisha, jirani yake, mama mmoja muuza mkaa mwenye mikono myeusi na moyo mweupe, akasimama mlangoni amemshika mtu mkono.

"Fundi, huyu si wako? Nimemtoa barabarani."

"Haiwezekani," Fundi akasema. "Kengele haijalia."

"Basi na mimi nimeokota kivuli."

Fundi akakimbilia nyuma. Dirisha lilikuwa wazi kabisa. Na chini ya nyundo palikuwa na kitambaa, kimekunjwa mara mbili, ncha imechomekwa ndani ya mkunjo.

Akaketi kitandani. Duniani hapakuwa na mtu mwingine anayekunja vile. Kichwa kilikuwa kimesahau mume, mtoto, hata kijiko kinashikwaje, lakini vidole havikusahau chochote.

Jirani alipoelezwa alipiga makofi. "Makubwa! Mwizi wako kasomea kwako, Fundi!" Fundi akacheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na hata kicheko kilipokwisha machozi yaliendelea, na jirani akageuka akajifanya anatazama mkaa wake.

Akaihamishia kengele juu ya fremu. Mkewe akapanda kiti. Akaficha viti. Mkewe akapanda ndoo. Siku za mwizi ni arobaini, watu husema, lakini huyu hakuwa na mpango wa kukamatwa. Kila alasiri kitambaa kilekile, mkunjo uleule, na kila alasiri Fundi akitoka mbio barabarani miwani mkononi, roho mdomoni, akiomba mlio wa breki usimtangulie.

Mwisho akafanya jambo ambalo kwa maisha yake yote aliwaambia watu ni kosa. Kengele ya nyumbani, alikuwa akisema, nyundo yake lazima ikae nje, ili mwenye nyumba aweze kuinyamazisha. Sasa akaificha nyundo ndani ya kikombe kikubwa cha saa ya ukutani, akaziba kwa bati, pasibaki hata upenyo wa kupitisha ukucha. Ikishaanza, haisimamishwi na mtu. Mpaka springi iishe.

Alasiri ile kengele ililia. Hata fundi mwenyewe alishtuka, meno yakamuuma. Akakimbia nyuma, akakuta dirisha wazi na chumba kitupu. Kisha akasikia sauti uvunguni mwa kitanda.

"Kijiti! Kijiti, mwizi! Mchukue mtoto, Kijiti!"

Fundi akapiga magoti. Akaingiza mkono uvunguni, na mkono wake ukadakwa kwa vidole vyenye nguvu asizozitegemea. Mkewe akatambaa nje, akamkumbatia, mwili wote unatetemeka.

"Ulikuwa wapi wewe? Nimekutafuta mpaka barabarani."

"Nilikuwa hapahapa, mama. Sikwenda popote."

Mkewe akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku, akamkagua. "Mbona umezeeka hivi?"

"Kazi," Fundi akasema.

"Na umekonda. Nilidhani haiwezekani ukonde zaidi." Na wakacheka wote wawili, pale chini sakafuni, huku kengele ikiendelea kupiga juu yao. Kisha springi ikalegea. Mlio ukapungua, ukakatikakatika, ukaisha. Pumzi ya mkewe ikatulia, na kadiri ilivyotulia ndivyo macho yake yalivyokuwa yakiondoka. Akatazama mikono yake shingoni mwa mzee asiyemjua, akaitoa haraka.

"Samahani, bwana," akasema. "Nilikufananisha."

Fundi hakumwambia mtu. Alijikaza siku hiyo na siku iliyofuata, mwanamume wa watu, akijiambia kwamba bahati haiombwi mara mbili. Lakini mwenye kiu ameonyeshwa maji, utamwambia nini? Alasiri moja mkewe alikuwa ameketi kitandani, ametulia kabisa, anakunja nguo na kuzikunjua. Hakuwa na mpango wa kwenda popote. Fundi akasogea dirishani, akatia ufunguo, akazungusha mpaka mwisho. Akaweka kidole kwenye ulimi wa chuma. Alijua analolifanya, tusimpake mafuta. Akauachia.

Akaitwa Kijiti. Akakumbatiwa. Akaulizwa amekula, na mtoto yuko wapi, na kwa nini mikono yake ni baridi. Akajibu yote, haraka haraka, akiisikiliza springi jinsi mtu anavyosikiliza hatua za mgeni anayeaga. Kesho yake akafanya tena, na kesho kutwa pia.

Siku ile ya kesho kutwa binti alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani. Alisikia kengele, akazunguka nyuma kwa mbio ili amdake mama yake nje. Hakumkuta mtu. Akachungulia dirishani, na ubao ulikuwa umefungwa isipokuwa ufa mdogo, na katika ufa ule akaona kidole cha baba yake juu ya ulimi wa kengele.

Fundi akamfungulia mlango. Hawakuamkiana. Binti akapita moja kwa moja, akamtoa mama yake uvunguni, akamkuta amejikojolea. Akamvua, akamfuta kwa maji ya vuguvugu, akamvika nguo kavu, akimbembeleza kwa sauti ya chini mpaka kilio kikawa kwikwi. Ndipo akasema, bila kugeuka, "Kwa nini, baba?"

"Ikilia ananijua," Fundi akasema. "Ananiita jina langu."

Binti akaikunja ile nguo iliyolowa, akaiweka kando. Kama angefoka ingekuwa nafuu.

"Anakuita kwa sababu anadhani tunauawa, baba. Kila siku unamwonyesha siku ambayo tunauawa."

Fundi akachukua bisibisi. Mikono ambayo haikuwahi kukosea skrubu ilikosea mara mbili, mara tatu, ikachubua fremu. Akaing'oa kengele, akaenda nayo nyuma ya nyumba, akaiweka juu ya jiwe, akaipiga kwa nyundo kubwa mpaka springi ikachomoka na kujinyosha yote kwenye mchanga. Akalia kwa sauti, kama hakuna majirani.

Mchomeleaji akaja, akapima dirisha, akaleta nondo zimekatwa tayari. Fundi akamwomba aziegemeze ukutani chini ya dirisha, asizifunge leo. Zikaegemezwa.

"Mpaka lini?" binti akauliza.

"Mpaka siku nitakayosinzia."

"Utasinzia, baba. Wewe ni mtu."

"Najua."

Akavuta meza ya kazi kutoka chumba cha mbele, akaisukuma hadi dirisha la nyuma, kiti akakiweka mgongo kwenye uwazi, akakaa. Wateja wakaambiwa wapitie nyuma. Akawa hali chakula mbali na dirisha, halali vizuri, macho yamekuwa kama ya mtu aliyekaa na moshi. Nondo zikaanza kushika kutu pale ukutani, na kila akigeuka anaziona, na kila akiziona anaiona ile mikono ya siku ya moto.

Alasiri, kwenye saa zake za kawaida, mkewe huinuka. Hutafuta kitambaa, akakikunja mara mbili, akachomeka ncha. Huja nacho mpaka dirishani, akaitafuta nyundo juu ya fremu, asiione, akabaki ameduwaa na kitambaa mkononi. Hivi majuzi alimtazama mzee aliyeziba njia, akainama karibu sana, akamwekea kidole gumba mdomoni, akaubana.

"Taratibu," akanong'ona. "Mtoto amelala."

Fundi hakutikisika. Hakudiriki hata kuvuta pumzi. Kidole kile kilikuwa na joto, na kilinukia sabuni aliyoogeshwa nayo na binti yake. Mwisho mkewe akakitoa mwenyewe, akatazama barabara juu ya bega la mzee.

"Unamsubiri mume wangu?"

"Namsubiri."

"Amechelewa leo."

"Amechelewa," Fundi akasema.

"Basi sogea kidogo," mkewe akasema, "tumsubiri wote." Na Fundi akasogea, akambakishia nusu ya kiti.