Chai ya Arobaini ya Baba

Jamani, nyie mnaonijua mnajua mdomo wangu haujui kukaa kimya, lakini hili la arobaini ya baba nikilikumbuka hata nikiwa peke yangu jikoni najifunika uso kwa leso. Acheni nilisimulie mwenyewe, maana kijijini kwetu Munje wote wanalijua na kila mtu analitia chumvi yake.

Baba alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, Kibibi, mweusi mwenye baka jeupe usoni, na mtaa wetu wote ulikuwa ukinywa chai kwa maziwa yake. Baba alipofariki, Mungu amrehemu, kaka yangu Bakari (ndiye mkubwa wetu, anafanya kazi hotelini Diani, na tangu aanze kuvaa tai harufu ya zizi haitaki) akasema ng'ombe auzwe kwa kuwa hakuna wa kumtunza. Nikamwambia nipo mimi. Akacheka kidogo, akasema haya, tutaangalia mpaka arobaini, nikimuweza atabaki, nisipomuweza atauzwa. Si kwamba nilitaka maziwa, mimi maziwa siyanywi, hayapatani na tumbo langu tangu utotoni, chai yangu ni ya rangi. Nilitaka kitu kimoja cha baba kibaki uani kinapumua.

Sasa kilikuwa kiangazi. Majani yamekauka, mabua ya mahindi yamekwisha, Kibibi anakula pumba na nyasi kavu na maziwa yanapungua kila kukicha, na mimi nimeshawatangazia ndugu wote kwamba chai ya khitma ya arobaini itatoka kwa Kibibi (nani alinituma?). Mimi kazi yangu nauza uono, wale samaki wadogo wanaochemshwa na kuanikwa, na chini ya gunia hubaki vumbi ambalo hakuna anayelinunua. Nikawaza, chakula cha kuku wa mayai kinatiwa samaki na kuku wanataga, basi ng'ombe naye ana nini? Nikajiona nina akili kuliko wote, nikamchanganyia vumbi lile kwenye pumba.

Mara ya kwanza alinusa akageuza uso. Nikammwagia molasi juu, akala. Maziwa yakaongezeka, au niliona yameongezeka kwa kuwa nilitaka yaongezeke, nikazidisha, ikawa kila kabla ya kumkamua anapata kopo zima la vumbi la uono na mimi namwimbia. Nikaacha kuwauzia majirani maziwa ili niweke akiba, yote nikayatia kwenye madumu na kuyahifadhi kwa Mejumaa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwenye friji. Hakuna aliyeyaonja. Kuhusu harufu msiniulize, mtu anayeshinda na uono mchana kutwa pua yake ilishasalimu amri zamani.

Siku ikafika, khitma ikasomwa vizuri, tukatoa mahamri na chai yenye iliki na tangawizi. Nikawa napita kwenye mikeka ya wanaume na birika mkononi, naona vikombe vimejaa, watu wameonja wakaviweka chini. Mnajua kwetu mtu hasemi neno baya juu ya chakula cha msiba. Mimi nikadhani ni huzuni, nikazidi kubembeleza, ongezeni jamani, ipo tele, ni maziwa ya baba haya. Maalim akafunika kikombe kwa kiganja, akaniombea Mungu anilipe. Mzee Hamisi, rafiki ya baba aliyekuwa akija na chupa yake kila alfajiri, ndiye peke yake aliyekimaliza, amefumba macho kama anayekunywa mwarobaini, na mimi nikammiminia cha pili. Mungu anisamehe.

Shangazi yangu Mwanasiti akanivuta jikoni.

"Mwanamisi, hii chai mmeipikia sufuria ya samaki?"

Ningesema sijui, yangeishia hapo. Lakini mdomo! Nikasema kwa sauti, wanawake wote wasikie, kwamba sufuria ni ya Mejumaa, na kama inanuka samaki basi ni yeye asiyejua kusugua vyombo vyake. Mejumaa mwenyewe alikuwa pale pale kwenye mbuzi, anakuna nazi ya kunisaidia mimi. Nikamwaga chai yote, nikatafuta sufuria nyingine, nikapika upya kwa maziwa matupu bila tone la maji ili watu wayatambue maziwa ya Kibibi, nikatoka nayo nikiwaomba radhi wanaume kwa ajili ya sufuria ya jirani. Wakainywa mara ya pili, maskini, kwa adabu zao. Na ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Mejumaa hakupiga kelele. Alijifuta mikono, akalichukua dumu la maziwa mabichi, akaliweka katikati ya wanawake.

"Nuseni. Na hii pia ni sufuria yangu?"

Shangazi akainama, akanusa, akaniuliza ng'ombe anakula nini. Nikasema. Wasichana mlangoni wakacheka, nikatamani ardhi inimeze. Nilipogeuka nikamwona kaka Bakari kizingitini, amekuja kuuliza mbona watu wanaaga mapema.

"Watu wamekuja kumwombea baba," akasema, "wewe unawanywesha uono. Ng'ombe anauzwa."

Jioni nilikwenda kumwomba Mejumaa msamaha, akasema yamepita, lakini sufuria hajaniazima tena mpaka leo. Kesho yake nikamwita daktari wa mifugo, naye akaniambia kwamba kitu chenye harufu kali ng'ombe hapewi karibu na kukamuliwa, kinaingia kwenye maziwa, na kwamba Kibibi alihitaji majani mabichi ya lusina, chicha ya nazi iliyo safi, na maji. Akaniuliza alikuwa akinywa maji kiasi gani kwenye joto lile. Nikatazama chini, kwa kuwa ndoo ya maji nilikuwa nikimpa nikikumbuka.

Basi nikamlisha hivyo siku zilizobaki, na maji tele, ingawa mnunuzi wa kutoka Kinango alikuwa ameshapatana na kaka kwa simu. Alipofika akataka kuonja kabla ya kulipa. Nikamkamulia kikombe, akanywa mpaka mwisho, akajifuta povu mdomoni.

"Maziwa matamu haya. Kwani mnamuuza ana kosa gani?"

Kaka Bakari akanitazama, na mimi nikadhani, wallahi, nikadhani atasema basi, abaki.

"Ng'ombe hana kosa," akasema, na akapokea pesa.

Kamba nikamfungua mwenyewe. Nimeapa sitamlisha tena mnyama kwa haraka ya kutaka sifa za watu, na ni kiapo chepesi, maana mnyama wa kumlisha sina.