Siku Niliyosahau Kumwita Pazi

Siku ile ilikuwa ya kufua. Tulikuwa kambini Silani, kile kisiwa cha kusini mwa Uhindi, sisi Keya, askari weusi wa mfalme wa Kiingereza, tukisubiri kupelekwa Burma kupigana na Wajapani, na afande alikuwa ametuamuru tufue kila kitu mpaka vyandarua. Jua lilikuwa zuri. Pazi alikuwa amekaa juu ya jiwe, miguu ndani ya maji, hafui chochote.

"Mla mihogo," nikamwambia, "nguo zako zitajifua zenyewe?"

"Nijichoshe ya nini na mpagazi wangu yupo?" Akavua suruali akanitupia usoni.

Niliifua. Nilikuwa nacheka huku naisugua, na yeye amekaa na kitambaa kiunoni ananipa maelekezo, eti pale kwenye goti bado. Mpaka leo, nikiuliza moyo wangu ni siku gani niliyofurahi kuliko zote, unaniletea siku ile ya suruali.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, yeye alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na sisi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani. Mtani hakasiriki. Atakuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, atachukua kuku wako, na wewe utacheka tu. Siku ukifa, mtani ndiye anayekuja kukuzika. Wengine wakilia, yeye anavaa nguo zako, anatembea ulivyokuwa ukitembea, anakusema mbele ya watu, mpaka wafiwa wenyewe wanacheka. Bila hivyo msiba haujakaa sawa.

Mtoni pale tuliahidiana. Atakayetangulia, mwenzake atamzika na atamtania.

"Nitawaambia ulikuwa unakoroma," alisema Pazi.

"Nitawaambia hukuwahi kufua suruali."

Haya nayasema nikiwa Dubai. Usiniulize mzee kama mimi anafanya nini Dubai. Kwa hesabu ya jeshi nina miaka mia na moja, kwa hesabu ya mama yangu ni tisini na tisa, maana niliongopa umri ili waniandikishe. Mjukuu wangu Neema ni muuguzi huku, akanileta nitolewe mtoto wa jicho. Tunakaa International City, ghorofa ya pili, yeye na wenzake wawili na mimi kwenye kitanda cha karibu na dirisha. Jicho limepona, naona kila kitu, ila sijaona bado kwa nini watu wanaishi na mashine ya baridi ndani ya nyumba halafu wanajifunika blanketi. Neema ameweka simu mezani inarekodi sauti yangu. Basi na irekodi.

Burma tuliikuta na mvua. Nasema mvua, lakini sina neno la maji yale. Tuliingia Bonde la Kabaw, na magari yalizama kwenye tope mpaka milangoni, yakaachwa. Chakula kilidondoshwa na ndege kwa miamvuli, kingine kiliangukia kwa Wajapani. Tukabeba kila kitu vichwani, risasi, mchele, majeruhi. Pazi alikuwa nyuma yangu na gunia kichwani, tope mpaka mapajani, akapaza sauti kombania nzima isikie: "Leo wote tumekuwa Wanyamwezi!" Watu walicheka mpaka sajini naye akacheka.

Ndivyo tulivyoishi. Tulikuwa na mchezo wetu. Mmoja anamshtua mwenzake, "Mpagazi, Mjapani nyuma yako!" Ukiruka, unatoa sigara moja. Ukikaa ulivyo, mwenzako ndiye anayetoa. Tulikuwa tunaogopa sana, mtu asikudanganye, na mchezo ule uliifanya hofu iwe kitu cha kuchezea. Sajini alitukemea mara mbili. Hatukumsikia.

Kisha tukafika mji uitwao Tamu. Harufu ilitangulia kutupokea. Walikuwa Wajapani, mamia, hawakuuawa na sisi, waliuawa na njaa na kuhara, wagonjwa walioachwa na wenzao wakirudi nyuma. Wengine walikuwa wamekaa wameegemea masanamu ya dini ya watu wa kule. Nilikuja kuwachukia Wajapani, nikawakuta wamekonda kuliko ng'ombe wa kiangazi, na chuki ikanipungukia siku ile.

Ikarudi siku ya tatu. Kijiji kimoja, sikumbuki jina lake, tuliwakuta wenyeji wamefungwa mikono kwa nyuma, wameuawa wote, kando ya zizi. Mwanamke mmoja alikuwa bado na kikapu mgongoni. Ndani ya kikapu mlikuwa na maboga madogo mawili. Sijui kwa nini nakumbuka maboga.

Jioni ile Pazi hakunitania. Alikaa karibu yangu chini ya turubai, akasema, "Maganga."

Nilishtuka. Tangu tufahamiane hakuwahi kuniita kwa jina langu.

"Maganga, mchezo wetu utatuua. Lakini tukiuacha nitapata wazimu. Basi tufanye hivi. Siku nikikuita Maganga, ujue si utani, anguka chini. Na wewe uniite Pazi."

Tukapeana mikono. Tangu hapo majina yetu ya kweli tuliyaficha kabisa. Hatukuyatumia hata kuombana chumvi.

Na yalifanya kazi. Wiki moja baadaye nilikuwa nimeinama kwenye kijito nachota maji, nikasikia, "Maganga!" Nikajitupa kifudifudi majini kabla sijafikiri. Risasi ilipita ikapiga chupa yangu ya maji iliyokuwa juu ya jiwe. Pazi alikuja kunivuta. Kisha akasema, "Mnyamwezi gani anaoga na viatu?"

Kwa hiyo elewa hivi: mimi nipo hapa, nina watoto sita na wajukuu siwajui idadi, kwa sababu Pazi alikumbuka.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imekatika. Tulikuwa tunapanda njia nyembamba, mstari mmoja. Pazi alikuwa mbele yangu hatua kumi, na sanduku la risasi kichwani. Alikuwa anaimba chinichini wimbo wa ngoma ya kwao.

Niliona matawi juu ya mti yakitikisika.

Hapakuwa na upepo.

Niliona kiatu.

"Mla mihogo, chini!"

Alicheka. Nilimsikia akicheka. "Leo sigara yangu hupati, mpagazi," akasema bila kugeuka.

Ilikuwa risasi moja.

Sikufanya makusudi. Jina lake nilikuwa nalo. Lakini mdomo ulikuwa umezoea lile jingine, ulilisema mara mia kwa siku, na nilipoharakisha ulichukua lililokuwa karibu. Nimelieleza jambo hili kwa padri, nimelieleza kwa marehemu mke wangu, wote waliniambia ni vita, Maganga, ni vita. Najua ni vita. Nilikuwepo.

Tulimzika kando ya njia, kaburi la kina cha goti, udongo ulikuwa maji matupu. Mwislamu mwenzake alisoma aliyoyakumbuka. Tulimviringisha kwenye turubai lake. Halafu wenzetu wakanigeukia, maana wote walijua sisi ni nani kwa nani. Walikuwa wananingoja. Sajini, aliyetukemea, naye alinitazama kana kwamba ananiomba. Nilikuwa nimeshika ile suruali ya Silani, niliyoitoa kwenye mkoba wake. Nilipaswa kuivaa. Nilipaswa kutembea kwa ule mwendo wake wa kujisikia na kusema, tazameni, huyu hajawahi kufua hii.

Sikuweza. Niliikunja suruali nikaitia kwenye mkoba wangu. Baadaye afande alisema twendeni, tukaenda.

Vita vilipokwisha nilirudi Tabora. Kisarawe sikwenda. Meli ilitushusha Dar es Salaam na treni ilianzia pale pale, Kisarawe ni karibu, ningeweza kwenda na kurudi siku moja. Niliogopa mama yake atanipokea kwa utani. Suruali niliiacha kwa mtu wa kwao bandarini aifikishe, nami nikapanda treni. Tangu siku hiyo sijamwita mtu yeyote kwa jina la utani. Watoto wangu wanasema baba ni mkavu. Mke wangu nilimwita Veronika miaka hamsini na nne, kila siku, Veronika lote.

Sasa kuna Bi Tatu. Ni Mzaramo, mama wa miaka hamsini na kitu, mpishi kwenye nyumba moja Al Barsha, na siku madam akimpa mapumziko hupanda metro na basi kuja kwa Neema kunyoosha miguu. Mara ya kwanza aliponiona aliuliza, "Babu ni kabila gani?" Neema akamjibu. Mama yule akaweka mfuko wake chini.

"Mnyamwezi? Basi shikamoo yangu hupati ng'o! Mpagazi mzima umelala kitandani, nani kabeba mizigo?"

Nilimwomba kwa adabu anyamaze. Alifikiri namjibu utani, akazidisha. Mwezi mzima kila akija ni mpagazi, mpagazi, mpagazi, nami nageukia ukutani. Juma lililopita nilimkaripia, kwa sauti kubwa sijui ilitoka wapi. Kisha, kwa kuwa alisimama pale amefedheheka na sahani ya wali mkononi, nikamweleza yote, kama nilivyoeleza hapa.

Hakuniambia ni vita. Alifuta macho kwa pembe ya kanga. Aliweka sahani mezani.

"Alizikwa na mtani wake?" akauliza.

"Nilichimba mimi mwenyewe."

"Sikuulizi kuchimba, babu. Alitaniwa?"

"Hapana."

"Basi hamjamaliza," akasema. "Khalas, yatosha, inuka."

Akatandika mkeka katikati ya chumba, kati ya kitanda changu na jokofu, akalala chali, akajifunika kanga gubigubi mpaka usoni. Neema alitaka kucheka, akaniangalia, akaacha. Sauti ya Bi Tatu ikatoka chini ya kanga: "Mpagazi! Mtumwa wako yuko hapa anaoza. Mzike."

Neema alinishika mkono nikasimama. Nilimtazama mtu yule aliyefunikwa, mwaka mwingine, nchi nyingine.

"Mla mihogo wewe," nikasema. Ilinitoka kwa shida. "Mvivu mkubwa. Hukuwahi kufua suruali. Sanduku la risasi uliniachia mimi nipande nalo mlima, na wewe umelala." Nikavuta hatua moja, kifua mbele, ule mwendo wake wa kujisikia, kadiri magoti yalivyoruhusu. Nikasikia Neema anacheka na kulia pamoja. Kanga nayo ilikuwa inatikisika. "Ulikuwa unakoroma wewe, si mimi. Kombania nzima ilijua."

Nikaishiwa maneno. Ningeweza kukaa. Lakini lilikuwa limebaki moja, nililopaswa kuliita kwenye njia ile kabla ya risasi, asikie, aanguke, azeeke Kisarawe na meno yake yote.

Nikainama karibu na kanga.

"Pazi," nikasema. "Pazi, chini."

Kanga ya Bi Tatu ilitulia. Alikuwa chini tayari.