Gongo la Shemeji Lilichelewa

Mtaani walimwita Msumari, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Siku za kazi alitengeneza kufuli kwenye kibanda chembamba karibu na stesheni, akiwafokea wateja waliopoteza funguo kana kwamba wamempotezea yeye. Jumamosi alivaa kinyago cha waya akawa mwamuzi wa besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, na hapo uwanja mzima ulipata nafasi ya kumrudishia matusi yake.

Jumamosi hiyo walicheza waokaji mikate na wapiga chapa. Waokaji walikuwa nyuma kwa pointi moja, ikiwa nafasi yao ya mwisho, na aliyeshika gongo alikuwa shemeji yake Msumari, mdogo wa mkewe, kijana wa maneno mengi. Alishakosa mara mbili. Akikosa tena, mechi imekwisha, isipokuwa mdakaji aliyechuchumaa nyuma yake akishindwa kuushika mpira. Hapo mpigaji anaruhusiwa kukimbilia kituo cha kwanza.

Mrushaji aliteleza. Mpira ukapaa juu ya kichwa cha mdakaji ukagonga wavu wa waya kwa kishindo. Ndipo shemeji akazungusha gongo kivivu, kama anayefukuza nzi, akalitupa na kutimua mbio. Alipokanyaga kituo cha kwanza, waokaji walishangilia kama wameshinda.

“Rudi!” Msumari alinguruma. “Mpira ulishapita.”

“Nimezungusha! Watu wote wameona!”

“Umezungusha hewa.”

“Si ndiyo kukosa kwenyewe? Yaani leo unaninyima hata kukosa?”

“Mpigaji anazungusha ili apige mpira. Wewe ulitaka kupiga nini, waya? Shika gongo, la sivyo nakutoa nje.”

Chupa ya maji ilitua miguuni pake. Nahodha wa waokaji akamsogelea hadi vifua vikagusana, akamwita kipofu, mwehu, adui wa ukoo wake mwenyewe. Msumari hakurudi nyuma hata kidogo.

Shemeji alirudi akaliokota gongo kwa hasira. Mpira uliofuata ulikuja katikati kabisa, mzuri, wa kupigika. Alizungusha kwa nguvu zake zote akakosa, na safari hii mdakaji aliushika.

Nahodha wa wapiga chapa alikuja na mkono mbele. “Asante, mzee. Umetutendea haki.”

“Toa mkono wako hapa. Sikuwafanyia nyinyi.”

Nyumbani alimkuta mkewe anapiga pasi. Mchana mkewe alikuwa amekaa nyuma ya wavu ule ule.

“Niliona,” mkewe alisema bila kuinua macho. “Mpira uligonga waya mbele ya pua yangu, gongo lake bado liko begani.”

“Sasa unaninunia nini?”

“Ni mdogo wangu! Mechi yenyewe haina hata kombe. Ungepungukiwa nini?”

“Wiki ijayo wapigaji wote wangefanya hivyo.”

“Si wafanye! Utakufa na hizo kanuni zako, na siku hiyo zije zikubebe zenyewe.”

Aliikunja nguo yake ya mwisho, akazima pasi, akaliacha shati la mumewe na makunyanzi yake.

Msumari alilivaa hivyo hivyo Jumamosi iliyofuata. Mkewe hakuja. Zamu ya shemeji ilipofika, alipita bila salamu, akasimama, akaachia mpira mzuri upite, jambo ambalo nalo huhesabiwa kosa.

“Kosa la kwanza!” Msumari alitangaza.

Shemeji akatema mate sentimita chache kutoka kwenye kiatu cha mwamuzi. Msumari aliyatazama, akashusha kinyago, akainama.

“Rusha,” alimwambia mrushaji.