Dobi Aliyezikwa na Wifi Yake

Siku tamasha la filamu za wanamuziki lilipofika mjini, dobi wa nyumba ya wageni alipiga pasi gauni lake kwanza, mashuka ya watu yakangoja. Tamasha hilo lilikuwa likizunguka mji hadi mji, na alasiri ile ukumbini ilionyeshwa filamu ya bendi ya akina mama aliyoiimbia ujanani. Yeye alitaka kitu kimoja tu: binti yake asikie ukumbi mzima ukiambiwa kuwa sauti ile ni ya mama yake.

Binti hakuwahi kumwamini, maana picha za bendi hazikumwonyesha. Enzi hizo walirekodi kwa kipaza sauti kimoja, na mwenye koo la tarumbeta alisimamishwa nyuma kabisa, mlangoni, asije akawameza wenzake. Mpiga picha naye hakujisumbua kufika mlangoni. Mbele, meno yote nje, alikuwa wifi yake, mpiga kayamba.

Wifi huyohuyo ndiye aliyewapokea watu wa filamu walipokuja kuipiga, miezi kadhaa kabla ya tamasha.

"Wanataka picha za kuchezacheza tu," alimwambia dobi. "Usijichoshe, wifi yangu, endelea na mashuka."

Naye akaendelea, mjinga wa watu.

Wimbo ulipoanza, sauti yake ikajaa ukumbi hadi darini. Binti akamshika mkono. "Mama! Kumbe kweli!"

Kisha wifi akatokea kwenye skrini, mkubwa kama nyumba, akifuta macho makavu.

"Mwenye sauti hii alishafariki," akasema. "Alinishika mkono akaniambia, nyimbo zangu nakuachia wewe."

Jirani aliyekaa nyuma akamgusa dobi begani. "Shoga, pole kwa msiba wako."

Filamu ilipoisha, wifi mwenyewe akapanda jukwaani kwa makofi. Mshereheshaji akauliza nani ana swali. Dobi akasimama, kipaza sauti hakukihitaji.

"Wifi, nilikufa kwa ugonjwa gani?"

Wifi hakupepesa jicho. Akamwinamia mshereheshaji. "Msameheni. Ni mdogo wa marehemu. Tangu msiba, akili haijatulia."

Waliomjua dobi wakaangua kicheko. Wenye tamasha hawakumjua. Wakamketisha polepole, kama mtu anavyoshika yai.

Baadaye dobi alimkuta wifi nje, sanduku lake tayari limepakiwa garini.

"Nafasi ya kusafiri na tamasha ilikuwa moja," wifi akasema, bila kumtazama. "Miji kumi na miwili. Wangejua uko hai, wangekuchukua wewe. Mimi ningewaonyesha nini, kayamba?"

"Si ungeniomba? Ningekuachia."

"Najua ungeniachia. Tangu niolewe na kaka yako naachiwa tu. Nimechoka."

Akapanda, akafunga mlango.

Dobi alitembea na binti yake hadi njia panda. Binti akamvuta mkono. "Mama, niimbie ule wimbo. Kidogo tu."

"Kamwombe mrithi," akasema, akaongeza mwendo.