Dakika Arobaini na Mbili Kwenye Kiti cha Bluu

Siku ya kwanza pale sokoni Mchikichini nilihoji wapagazi kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja walikuwa wazima wa afya. Nikaanza kujiuliza kama tumekuja mahali penyewe. Mmoja alikuwa na kidole gumba kilichovimba kama kiazi kitamu, akaniambia hajawahi kuumia kazini. Mwingine aliinuka kwenye kiti akishika kiuno kwa mikono miwili, huku akinihakikishia kwamba mgongo wake hauna neno. Mimi nabonyeza "Nzuri", tableti inaruka sehemu yote ya majeraha, tunamalizia maji na vyoo, basi. Mtu mmoja, dakika tisa.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nasoma afya ya mazingira. Mhadhiri wetu alituchukua wanafunzi sita tumsaidie kukusanya taarifa za utafiti wake kuhusu usalama wa wabeba mizigo sokoni. Mimi nilipangiwa kijiwe cha wanaoshusha mabelo ya mitumba. Lori linatoka bandarini, linasimama barabarani, wawili wanamtwisha mmoja belo kichwani, naye anakata mbio katikati ya vibanda akipiga kelele watu wapishe. Kazi inaenda kwa zamu, na zamu zinapangwa na mwenyekiti wao.

Mhadhiri alitaka tuvae vizibao vya kung'aa na viatu vya kufunika vidole, eti tuwe mfano. Asubuhi ya kwanza wamachinga wawili walipotuona tu walikunja biashara zao wakatoweka, wakidhani sisi ni manispaa. Hao wapagazi wenyewe walikuwa na ndala. Nilijiona kituko, lakini nilivaa.

Tulikuwa tumefundishwa siku mbili ukumbini, kwenye kiyoyozi. Usimwongoze mtu kwenye jibu. Usishtuke. Mhoji mahali ambapo wenzake hawasikii. Hilo la mwisho nililitekeleza kwa moyo wote: niliazima kiti cha bluu cha plastiki kwa mama wa chai, nikakiweka ukutani, mbali kidogo na benchi wanapokaa wanaosubiri zamu. Nilimwomba hata mwenzangu akae kwenye benchi ajaribu kusikiliza. Hakusikia kitu. Nikajipongeza.

Siku ya pili akaja baba mmoja wa makamo, mtu wa Kusini, aliyeishi hapa mjini miaka mingi kuliko umri wangu. Alikaa, akaiweka ngata yake ya kitambaa, ya kuwekea belo kichwani, juu ya goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Za masomo?"

"Nzuri. Baba, afya yako kwa ujumla ikoje?"

"Nzuri, namshukuru Mungu."

Nikabonyeza. Tableti ikaruka kama kawaida yake. Nilikuwa nafungua mdomo niulize habari za vyoo, akasema, "Ila huu mkono."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Bibi yangu hujuliwa hali hivyohivyo. Unamuuliza habari, anakujibu nzuri, halafu unatulia, ndipo yanakuja magoti, presha, na jirani aliyemkosea. Mtu mwenye adabu zake haanzi salamu kwa ugonjwa. Hili nalijua tangu mtoto, sikulisomea popote, na bado siku moja tu na tableti nilikuwa nimewakatiza watu kumi na mmoja kabla hawajafika kwenye "ila".

Nikarudi nyuma kwenye dodoso. Sehemu ya majeraha ikafunguka, maswali kibao. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi tangu mfungo uliopita. Asubuhi hausikii kabisa. Mara nyingine vidole vinaachia mzigo bila yeye kujua, na siku moja belo lilianza kuteleza akaliwahi kwa bega. Niliandika kila kitu. Nasema kweli, nilifurahi. Hatimaye nilikuwa na mgonjwa.

Dodoso likauliza kama kuna mtu kazini anayejua.

"Hakuna," akasema, akapunguza sauti ingawa hatukuwa na wa kutusikia. "Mwenyekiti akijua ananitoa kwenye zamu. Nikitolewa hapa, kijiwe gani kitanipokea na umri huu? Nina binti kidato cha nne. Mwanangu, hili lisitoke hapa."

"Halitoki, baba. Ni siri."

Nilisema hivyo kwa uhakika wa mtu aliyefundishwa siri kwa siku mbili.

Kule kwenye benchi wakaanza utani. "Mzee, mbona hutoki? Umepata mchumba nini?" Wakacheka, yeye akacheka, mimi pia nikacheka.

Kesho yake nilimkuta amekaa kwa mama wa chai, na lori limesimama, na wenzake wanabeba.

"Uliwaambia?" akaniuliza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu.

"Nani, baba? Nini?"

"Mwenyekiti kanifuata asubuhi, kaniambia mzee pumzika, una tatizo, usitufiche. Sasa yeye kajuaje?"

"Sijui. Naapa sijamwambia mtu."

"Na mimi sijamwambia mtu."

Tukatazamana. Siri ilikuwa ya watu wawili na wote wawili walikuwa wamefunga midomo. Nilichanganyikiwa kiasi cha kumshuku mwenzangu mmoja aliyekuwa akichaji tableti zetu, nikamwuliza kwa ukali kama amefungua yangu. Hadi leo hatujarudi kuzungumza vizuri. Nilimshuku mama wa chai. Nilijishuku mwenyewe, labda nimebwabwaja mahali nikasahau.

Baba yule alisimama, akaniambia anaenda kubahatisha upande wa Mchafukoge, kwenye maduka ya jumla, labda atapata katoni za kubeba. Akanipa mkono, ule wa kulia. "Soma, mwanangu," akasema. Heri angenitukana.

Jioni ile tulikaa chuoni na mhadhiri, akafungua taarifa zetu kwenye kompyuta. Kumbe tableti ilikuwa inahifadhi muda wa kila mahojiano. Akashuka na kidole: tisa, tisa, kumi, nane, tisa. Kisha akagota kwenye arobaini na mbili.

"Haya ndiyo mahojiano," akasema. "Huyu mmoja tu ndiye umemhoji. Hawa wengine uliwasalimia."

Hapo ndipo nikaelewa, na kuelewa kwenyewe hakukunipa nafuu. Watu wa kwenye benchi hawakusikia neno, kweli. Lakini walikuwa na macho. Kila aliyekaa kwenye kiti cha bluu alinyanyuka upesi, isipokuwa mmoja. Na mtu yeyote aliyewahi kusubiri nje ya chumba cha daktari anamjua mgonjwa ni yupi: ni yule asiyetoka.

Nilimweleza mhadhiri. Akavua miwani, akaivaa tena. "Tutaiandika kwenye changamoto za utafiti," akasema. Sikujua nilie au niitupe ile tableti dirishani.

Siku ya nne nilienda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Nilikuwa nimepanga maneno makali. Alinikaribisha vizuri, akanisogezea stuli, akaniagizia chai, nami nikabaki na maneno yangu mdomoni.

"Mzee wetu nampenda," akasema. "Yeye ndiye alinipokea hapa. Lakini belo likimponyoka, linamwangukia nani? Huyu mama wa chai. Mteja mwenye mtoto mgongoni. Binti, wewe ndiye unasoma mambo ya usalama. Hebu niambie, nimwache abebe?"

Kwenye mtihani ningepata alama zote. Mfanyakazi mwenye tatizo aondolewe kwenye hatari, apewe kazi inayomfaa. Nilipomwambia ampe kazi nyingine, akageuka kulitazama soko lote, kushoto na kulia, kana kwamba huenda kuna kitu hakukiona miaka yote hiyo.

"Kazi gani nyingine? Hapa kuna kubeba tu."

Nilikuwa nimekuja kumshtaki, na sasa sikujua kama yeye ndiye mkosaji, au mimi, au aliyetunga dodoso, au ule mkono wenyewe. Kila nilipogeukia niliona mtu aliyefanya sawasawa na alivyopaswa kufanya, na mwisho wake mtu mmoja hana kazi.

"Ila mmetusaidia sana," mwenyekiti akaendelea, na alisema kwa moyo mweupe kabisa. "Watu hawa wananificha. Nilikuwa sina njia ya kujua. Wamebaki wangapi hujawahoji?"

"Ishirini na wawili."

"Wahoji wote. Hakuna atakayekataa, nimeshawaambia. Na mwezi ujao mrudi tena." Akavuta stuli yake hadi mahali panapoonekana kiti cha bluu, akakaa, akaiweka simu yake gotini, kioo kikiwa juu, saa ikionekana.

Ningeweza kuondoka. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini mhadhiri alikuwa anasubiri taarifa za watu wangu, nami nilikuwa nasubiri jina langu liandikwe kwenye ripoti, na kijana wa kwanza alishakaa. Alikuwa amefunga kitambaa kwenye kiwiko.

Fomu ya ridhaa lazima isomwe kwa sauti, neno kwa neno. Nilisoma vizuri mpaka nikafika kwenye mstari unaosema hakuna madhara yoyote yanayotarajiwa kwa kushiriki. Nilikuwa nimemsomea hivyohivyo yule baba, naye akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika. Nikasita.

"Soma tu, dada," yule kijana akasema. "Lori linakuja."

Nikausoma.

Akaweka sahihi. Nilipouliza kama ana swali kabla hatujaanza, aliinama kama mtu anayefunga kamba za kiatu, ingawa alikuwa na ndala, akasema bila kuniangalia:

"Dada, nakuomba. Usinikalishe."

Tulimaliza kwa dakika saba.