Mrija wa Unga Mwekundu

Kabla sumaku ya umeme haijawashwa, kila mtu katika maabara yetu ya chuo kikuu, kule mlimani juu ya mtaa wa Wandegeya, alivua saa akaiweka na funguo zake kwenye bakuli la bati mlangoni. Sumaku huharibu saa, na sheria hiyo ilikuwa ya fundi wetu, mzee wa mtaa wa Kasubi, wa ukoo wa wafanyabiashara wa pwani. Hata profesa alivua.

Mimi nilikuwa mwanafunzi, nikipima kampaundi za nikeli. Unautundika mrija wa kioo wenye unga wake kwenye mizani, katikati ya ncha za sumaku, fundi anawasha, unaangalia kama uzito umeongezeka, yaani sumaku inauvuta chini. Basi.

Asubuhi moja waliingia wanajeshi watatu na bunduki zao. Wao hawakuvua kitu. Mtu alikuwa amewaambia kwamba tuna redio ya kuongea na maadui.

"Hii si redio, afande," nikasema. "Ni sumaku. Inavuta nikeli. Nitawaonyesha."

"Onyesha. Kama navuta, sisi nakwenda. Kama havuti, nyinyi nakwenda na sisi."

Mirija ilikuwa miwili, mmoja wa unga wa kijani, mwingine mwekundu, yote nikeli. Kwa hofu nikashika ule mwekundu, niliouhangaikia wiki tatu na kuupenda kama mwana. Fundi akawasha. Mrija haukuvutwa chini; ulipanda kidogo.

Hapo ndipo nikakumbuka, mjinga mimi, jambo nililowafundisha wenzangu kwa majivuno. Katika unga wa kijani kila atomu ya nikeli ina elektroni mbili zisizo na wenza, na hizo ndizo zinazovutwa. Katika mwekundu zote zimefungana mbilimbili, na sumaku haina haja nazo, huzisukuma kidogo tu.

"Afande, nimekosea mrija, ngoja kidogo..."

"Wewe nadanganya!"

Fundi akazima swichi. "Huyu mwanafunzi tu, hajui kitu," akasema. "Mashine ni yangu mimi."

Wakamchukua yeye. Nami, Mungu anisamehe, nilinyamaza.

Walipoondoka niliupima ule wa kijani huku nikilia. Ulivutwa vizuri kabisa.

Saa ya fundi ilibaki bakulini. Niliitia ufunguo kila asubuhi, nikijidanganya kwamba atairudia. Aliyekuja ni mkewe.

"Mwanangu, mume wangu alikosa nini?"

Nikamwambia sijui, nikampa saa. Ilikuwa bado inakwenda.